Gauni Lililompwaya Bonge

Fundi cherehani hana likizo. Ana wateja waliokwisha kumkasirikia na wateja watakaomkasirikia kesho, na katikati ya makundi hayo mawili ndipo anapopata usingizi. Kwa hiyo asubuhi Futi alipofunga kibanda chake na kutundika mlangoni kipande cha boksi kilichoandikwa NIMEKWENDA LIKIZO, majirani walikuja kukisoma mmoja mmoja. Muuza mkaa alimuuliza kama anaumwa. Mteja mmoja, mwalimu, alisema likizo ni za walimu na watu wa benki, fundi ameipata wapi jeuri hiyo. Futi alimkabidhi sketi yake, akamwambia aivae taratibu kwa sababu zipu ni mpya, na ulimi wake auache kabatini.

Futi halikuwa jina alilozaliwa nalo. Alilipata ujanani, jijini, kwa sababu ya macho yake. Mtu alikuwa akiingia dukani, na kabla hajavuta kiti Futi ameshajua kifua chake, kiuno chake, nyonga zake, na bega lipi limeinama kuliko jingine. Futi kamba aliivaa shingoni kama wengine wanavyovaa mkufu, kwa pambo tu. Hakuwahi kujisifu kwa sura wala kwa mume, maana vyote viwili hakujaliwa sana, lakini kwa macho yake alijisifu mpaka akawachosha watu.

Sasa macho yenyewe yalikuwa yameanza kumtania. Mwaka ule alinunua miwani ya kusomea kwa mchuuzi wa barabarani. Kabla ya safari alikuwa amemshonea mtu blauzi, akabandika mkono wa kushoto upande wa kulia. Aliufumua kimyakimya, hakumwambia yeyote, lakini tangu hapo kila aliposhika mkasi moyo ulimdunda kama wa mwanagenzi.

Na likizo yenyewe ilikuwa uongo. Futi alikuwa anakwenda kumchukua mdogo wake.

Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Waliingia jijini pamoja, wakapanga chumba kimoja, wakashona kwenye duka moja, wakagombana kila siku juu ya nani amemaliza sabuni. Mdogo aliitwa Bonge, jina la mtaani, na alilistahili: mwanamke wa mwili na kicheko, akisimama mlangoni mlango unajaa. Mama yao alipopooza, ilibidi mmoja arudi kwenye mji mdogo walikozaliwa. Akarudi mkubwa. Alisema anakwenda kwa muda. Mama akauguzwa, akafa, akazikwa, miaka ikapita, na Futi akajikuta na kibanda chake, wateja wake na magoti yake mabovu. Kibandani kulikuwa na cherehani mbili. Moja alishonea. Ya pili ilifunikwa shuka, na mtu akiuliza ni ya nani alijibiwa, "Ya Bonge, anakuja."

Bonge hakuja. Kwenye simu alikuwa mwepesi wa kucheka na mgumu wa kukamatika. Akiambiwa arudi nyumbani alisema atafikiria, na "nitafikiria" ya Bonge ilikuwa ndiyo hapana yake. Kwa simu hawezekani. Ana kwa ana huenda akawezekana, tena akipewa kitu mkononi kwanza, maana mkono mtupu haulambwi.

Kitu chenyewe kilikuwa gauni. Kitambaa rangi ya damu ya mzee, kizito, kisichokunjamana. Kola ndogo, kiuno kimeshikwa, chini limeachiwa. Futi alilikata kwa kichwa. Vipimo vya Bonge hakuwa na haja ya kuviuliza, alivijua kama mtu anavyojua njia ya chooni gizani. Na kama ilivyokuwa desturi yake, aliacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono wa ubavuni. Kwa mteja wa kawaida aliacha kidogo. Kwa Bonge aliacha vidole viwili vizima kila upande, kwa kuwa Bonge alikuwa mtu wa kuongezeka. Alikuwa na msemo wake kuhusu jambo hilo, aliomfundisha mdogo wake tangu wanajifunza kazi: mwili ni mgeni, huja na huondoka, nguo nzuri humsubiri.

Basi lilimshusha kwenye kituo kipya nje ya mji, jumba la vioo ambalo hakulijua, na akasimama na mkoba wake akiuliza njia ya mtaa alioishi ujana wake wote. Dereva wa teksi alimwita mama mgeni. Futi alitaka kumwambia kwamba yeye aliishi jiji hili kabla huyo hajaota meno, lakini alitazama huku na huku akaona hana ushahidi. Kulikuwa na baridi na manyunyu. Bonge alikuwa ameahidi kumpokea, halafu akatuma ujumbe kwamba foleni ni mbaya, dada achukue teksi tu.

Jengo lilikuwa lilelile, ngazi zilezile zilizolika kingo, ila chini alipokuwa kinyozi sasa paliuzwa makava ya simu. Futi alipanda hadi ghorofa ya tatu akipumzika kila kona.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Bonge alipaza sauti kabla hata mlango haujafunguka wote.

Alikuwa amevaa sweta juu ya sweta, sketi ndefu, na kitambaa kichwani kimeshushwa mpaka kwenye nyusi. Alimkumbatia dada yake upande, haraka, bega kwa bega, akageukia jiko la gesi kuinjika chai. Uso wake ulikuwa umechongoka. Futi aliliona hilo, hakuwa kipofu.

"Umepungua, Bonge."

"Kaa na ngazi hizi uone kama hutapungua. Na kwenye kiwanda cha nguo tunasimama kutwa. Uso ndio unaotangulia, Dada, chini huku mambo yapo palepale." Akajipiga nyongani, juu ya sketi, na sketi ikatoa sauti ya kitambaa kingi.

Chumba hakikuwa kimebadilika sana. Kitanda, pazia la kugawa chumba, dirisha linalotazama ukuta wa jengo la pili, na chini ya dirisha cherehani ya Bonge. Futi aligusa gurudumu lake kwa mazoea. Lilikuwa na vumbi, na sindano ilikuwa na kutu. Bonge akasema hashoni nyumbani siku hizi, akitoka kiwandani akiona uzi anataka kutapika. Wakanywa chai. Bonge alisema ameomba ruhusa kazini ili wakae pamoja, na Futi akafurahi sana, akafungua mkoba palepale akatoa gauni.

"Jamani, Dada! Rangi yangu!"

"Nenda kalivae."

Bonge aliingia nyuma ya pazia. Alikaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kuvaa gauni. Alipotoka Futi alisimama. Gauni lilikuwa limevaliwa juu ya sweta, na hata hivyo lilimpwaya. Mabega yalikaa, lakini kuanzia hapo kwenda chini kitambaa kilining'inia tu, kiuno kikatafuta kiuno kisikione.

"Umenishonea mimi au umeshonea mlango?" Bonge alicheka.

Futi hakucheka. Alisogea na pini mdomoni, na Bonge akarudi nyuma mpaka akagonga kitanda. "Usinichome na pini zako, nakujua wewe. Pima kwa jicho, toa pande zote mbili, basi."

"Kwa jicho gani? Si hilohilo ndilo limenidanganya?"

Bonge alikusanya gauni kiunoni kwa mkono mmoja. Kisha akasema, taratibu na kwa upole, bila kumtazama, "Ni umri, Dada. Umekosea vipimo tu. Hata mimi siku hizi tundu la sindano silioni."

Wewe unayesoma umeshajua, na pengine unamshangaa Futi. Usimshangae. Fundi akiona nguo haikai, wa kwanza kumshtaki ni mkono wake mwenyewe. Ndivyo alivyofundishwa: mteja hajakosea kuwa na mwili wake, wewe ndiye umekosea kukata. Futi aliishi na sheria hiyo maisha yake yote, na siku ile ilimfunga macho. Alitazama gauni akaona blauzi ya mkono wa kushoto uliowekwa kulia. Akaona kibanda chake kimefungwa, na yeye anaishi kwa kuomba majirani. Alilikunja gauni akalirudisha mkobani. Kwamba alikuja kusema "twende nyumbani" hakulisema, kwa sababu ungemwambiaje mtu akaishi na fundi kipofu?

Siku zilizofuata Bonge alimsukuma atoke. "Umekuja likizo, Dada, nenda ukatembee. Miguu yangu leo ina baridi, nenda, utanihadithia." Kesho yake miguu ilikuwa bado ina baridi. Siku nyingine alikuwa anangoja mtu wa kutengeneza bomba, ambaye hakuonekana. Futi akawa anatembea jijini peke yake, na mwavuli, kama mtu aliyetumwa na kusahau alichotumwa.

Hakuna huzuni ya kipuuzi kama kuwa mgeni mahali unapokumbuka kila ufa. Duka la aisikirimu, ambapo wao wawili walikuwa wakinunua moja na kuilamba kwa zamu, Bonge akidanganya zamu, sasa lilikuwa benki. Alisimama mlangoni mpaka mlinzi akamuuliza, "Nikusaidie nini, mama?" Akajibu anangoja mtu. Aliyekuwa anamngoja alikuwa amelala ghorofa ya tatu na masweta mawili, na Futi alimkasirikia: miaka yote hii, nimekuja kwa gharama zangu na magoti yangu, na hata kushuka ngazi tukae pamoja bustanini hataki. Alianza kuamini kwamba mdogo wake amemchoka, na kwamba anamwonea haya, kikongwe asiyeweza tena kukata gauni.

Ni wazo hilo la gauni lililompeleka mtaa wa mafundi.

Mtaa huo zamani ulikuwa ukisikika kabla ya kuonekana, cherehani barazani, mafundi wakitukanana kwa mapenzi kutoka upande huu wa barabara hadi ule. Sasa ulikuwa kimya. Kila mlango uliuza nguo zilizoshonwa tayari, zimefungwa kwenye nailoni, kubwa, ndogo, ya kati, kana kwamba Mungu aliumba watu watatu tu. Asiyekuwepo na lake halipo, Futi alijisemea, akapita harakaharaka asione zaidi.

Duka la mwisho bado lilikuwa la Tajiri. Ndivyo walivyomwita mwajiri wao, ingawa utajiri wake hakuna aliyewahi kuuona. Alikuwa amezeeka, amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya marundo ya sare za shule, shuka magotini.

"Futi!" alisema. "Nilidhani umekufa."

"Na mimi nilidhani wewe ndiye."

Walicheka, wakaulizana habari. Lakini Futi alikuwa akitazama nyuma ya bega la mzee, pembeni kabisa, akitafuta kitu, na alipokiona akashusha pumzi. Bibi Harusi alikuwepo.

Bibi Harusi ni kiwiliwili cha kujaribia nguo, hakina kichwa wala mikono, kimesimama juu ya mguu mmoja wa chuma. Mafundi walimpa jina hilo kwa sababu alivaa kila gauni la harusi lililopita dukani na hakuna aliyemwoa. Alipoletwa alikuwa mwembamba kama ufagio, hana faida. Siku zile wateja wakitaka kuona mshono unavyokaa kwenye mwili, aliyesimamishwa ni Bonge, kwa kuwa kila kitu kilimkaa. Bonge akachoka kusimama. Basi Futi, kwa juma zima, akamfunga Bibi Harusi pamba na vipande vya blanketi kuukuu, akimvika gauni la Bonge, akimvua, akiongeza hapa, akipunguza pale, mpaka kifua, kiuno, nyonga, hata ule mnofu mdogo chini ya kwapa ambao Bonge aliuchukia, vyote vikatimia. Alimshonea kitambaa kigumu juu yake kama ngozi. Bonge alipomwona alimpiga kofi la makalio akasema, "Karibu, pacha wangu, sasa utasimama wewe."

"Tajiri, naomba nimvike nguo," Futi alisema.

"Mvike. Siku hizi hata hamwazimi mtu."

Alimvua Bibi Harusi sare ya shule aliyokuwa amevalishwa. Alifuta vumbi. Hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba hili ndilo jaribio la mwisho, na gauni likipwaya hapa pia, basi macho yamekwisha na kazi imekwisha. Alimvika. Alivuta zipu. Zipu ilipanda taratibu mpaka juu, haikukwama, haikulegea. Kiuno kilikuta kiuno. Nyonga zilijaa. Gauni lilimkaa Bibi Harusi utadhani limemwagwa juu yake.

Futi alifurahi. Alipiga makofi, akacheka peke yake katikati ya duka, akasema, "Sijakosea! Tajiri, njoo uone, sijakosea hata nywele!" Hilo ndilo lililokuja kumsumbua baadaye kuliko yote, kwamba alifurahi kwanza.

Kisha kicheko kikakatika. Alibaki ameshika kiuno cha Bibi Harusi kwa mikono miwili. Ikiwa gauni halijakosea, na macho hayajakosea, basi kilichobadilika ni kimoja tu. Masweta mawili. Kumbatio la upande. Pini zilizokataliwa. Sindano yenye kutu.

"Ni Bonge huyo," Tajiri alisema kutoka kitini. "Kabla ya mvua alikuja hapa, sijui alikuwa anapita tu. Akamshika hivyohivyo unavyomshika. Akaniambia, 'Tajiri, huyu mwizi amebaki na mwili wangu.' Nikacheka, nikadhani utani. Na alikuwa amejifunika koti, sikumwangalia vizuri. Hajambo lakini?"

Futi alisema hajambo. Alimvua Bibi Harusi gauni, akamrudishia sare ya shule, akamfunga vifungo vyote mpaka cha juu. Aliaga. Alipofika nje alikaa kwenye ngazi ya duka la nguo za nailoni akalia, na watu wakampita, maana jijini mtu akilia ni shughuli yake. Kuna methali ya mficha maradhi, kila mtu anaijua, na ilimjia Futi ulimini pale ngazini akaimeza. Hakutaka kuisikia ikisemwa juu ya Bonge, hata na yeye mwenyewe.

Alipofika chumbani mchana ule Bonge alikuwa amelala. Sweta la juu lilikuwa limefunguka na la ndani limeteremka begani. Futi alisimama miguuni pa kitanda akampima. Hakutumia futi kamba. Aliangalia mtulinga, kifundo cha mkono, mahali blanketi lilipopaswa kuinuka na halikuinuka, na macho yake, macho yale aliyoyatilia shaka juma zima, yakampa kila kipimo bila huruma. Angependa siku hiyo yawe yameharibika kweli.

Alisafisha cherehani. Akatoa sindano yenye kutu akaweka mpya kutoka mkobani mwake, akakaa chini ya dirisha akapunguza gauni. Alipunguza sana. Kitambaa kilichobaki ndani ya mshono sasa kilikuwa zaidi ya kiganja kila upande, na fundi yeyote mwenye akili angekikata. Futi hakukata. Alikikunja kimoja juu ya kingine, akakishikiza kwa ndani kwa mkono, kwa mishono midogomidogo, mpaka ubavu wa gauni ukawa mnene kama pindo la godoro.

Bonge aliamshwa na sauti ya cherehani. Alijifunga sweta haraka.

"Ulisema kweli," Futi alimwambia bila kugeuka. "Nilikosea. Macho haya. Nimeshalirekebisha, livae."

Bonge alilichukua, akaenda nyuma ya pazia, na safari hii alitoka hana sweta. Gauni lilimkaa. Lilimkaa mwanamke mwembamba, mwenye mikono kama vijiti vya kuchokonolea moto, ambaye Futi hakuwahi kumwona. Wakatazamana. Bonge alipitisha mkono ubavuni, akasita, akapitisha tena, akibonyeza kwa vidole kama fundi anavyokagua kazi ya mwenzake.

"Hukukata," alisema.

"Kitambaa kizuri hicho, nikate cha nini?"

"Fundi aliyekosea kipimo hukata, Dada. Anayeacha ni yule anayengoja mwili urudi." Alikaa kitandani. "Umekwenda kwa Tajiri."

"Nimekwenda."

"Lilimkaaje?"

"Kama wewe," Futi alisema.

Nje manyunyu yalikuwa yakiteremka kwenye ukuta wa jengo la pili. Futi aliuliza alichokuwa akikiogopa tangu duka la Tajiri. "Daktari anasemaje?"

"Anasema nile ninachopenda."

Mtu mwingine angemkumbatia. Futi alikasirika. Alisimama akapiga meza ya cherehani kwa kiganja, makasha ya uzi yakaanguka. "Na ukaniacha nijione nimepofuka! Siku zote hizi natembea kama mwehu, nasema nikirudi nauza mashine, nasema kazi yangu imekwisha! Ungeniambia tu! Mimi ni nani kwako?"

"Nisingeweza."

"Ila kuniambia sijui kukata uliweza!"

"Hilo ungepona," Bonge alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini kinywa kilikuwa kinacheka, kile kicheko chake cha zamani, kimebaki peke yake usoni. "Mtu akikosana na macho yake ananunua miwani. Hili miwani yake hawauzi popote. Nilisema acha Dada awe na likizo yake, aende zake nyumbani na hasira, hasira inapoa. Kiwandani nimeacha siku nyingi. Sikutaka uje, halafu nikataka uje. Basi."

Futi aliketi kando yake. Kitanda hakikubonyea upande wa Bonge, na hilo likamuumiza kuliko maneno. Akamshika mkono. Wakalia wote wawili, Futi kwa sauti, Bonge bila sauti, mpaka wakachoka.

"Nilikuja kukuchukua," Futi alisema. "Haikuwa likizo. Cherehani yako ipo, imefunikwa."

"Nitashona nini na mikono hii?"

"Hutashona. Utakaa mlangoni uwatukane wateja wangu, mimi nimechoka kuwatukana peke yangu."

Futi alingoja ile "nitafikiria", akajiandaa nayo. Lakini Bonge alikuwa anajishika ubavu, pale penye kitambaa kilichokunjwa.

"Tukifika, watu watakuja kuniona," alisema. "Watasema Bonge karudi. Wanitazame vizuri, sijali. Lakini sishuki kwenye basi nimetuna mbavuni kama mwizi wa mikate." Akasimama, akavua gauni mbele ya dada yake, bila pazia, akaligeuza nje ndani akalilaza kwenye meza ya cherehani. "Kata, Dada."

"Bonge, mwili ni mgeni..."

"Ninaujua msemo wako. Huyu ameshaaga. Kata."

Futi alifumua mishono ya kushikiza, kitambaa kikalala wazi pande zote mbili, kingi, kizuri, rangi ya damu ya mzee. Alichukua mkasi. Alikuwa amekata vitambaa tangu usichana wake, vya harusi na vya sanda, na mkono haukuwahi kumgomea. Sasa uligoma. Aliuweka mkasi kwenye kitambaa, akautoa, akauweka tena.

Bonge aliuchukua mkasi mkononi mwa dada yake, polepole, bila kumlaumu. Akaanza kukata mwenyewe, lakini vidole havikuwa na nguvu, na mkasi ukawa unatafunatafuna ukingo.

"Nishikie," alisema.

Futi akainama, akashika kitambaa kwa mikono miwili karibu na mkasi, akakivuta kikakaza, kama alivyomfundisha zamani, ili kikatike vizuri.